Komeo la Nje

Kwanza nilisikia kijiko.

Kilikuwa kinagonga bati. Mara tatu, kinanyamaza, mara tatu tena. Nilikuwa bado barabarani, nje ya ua wa mjomba wangu pale Rahaleo, Mtwara, begi begani na vumbi la safari ya kutoka Dar es Salaam kwenye kope, na sikuwa nimeona mtu yeyote. Ilikuwa saa sita mchana. Nilidhani ni jirani anakung'uta sufuria. Lakini mkono ule ulikuwa na mwendo ninaoujua, mwendo wa mchi, wa mtu aliyetwanga muhogo mkavu maisha yake yote na anayejua mahali pa kuvuta pumzi. Nikasukuma geti. Nikaufuata mlio hadi nyuma ya jiko, kwenye chumba cha uani ambamo zamani mjomba alihifadhi mifuko ya salfa ya mikorosho. Mlango ulikuwa wa bati. Komeo lilikuwa upande wa nje, nalo limefungwa.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunisalimia au kunifungulia? Sema mapema, nijue kama nivae viatu."

Nilipofungua nilikuta ameshavivaa. Viatu vya plastiki vya bluu, kanga mbili, kilemba kimefungwa vizuri, kijiko mkononi. Bibi yangu, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kama abiria anayesubiri jina lake liitwe. Chumba bado kilinuka salfa. Kulikuwa na jagi la maji, ndoo yenye mfuniko, stuli fupi ya mbao, na dirisha dogo la juu ambalo lilimpa kipande cha mbingu kisichozidi ukubwa wa sahani.

Mjomba akatokea jikoni akikimbia, kandambili moja mguuni. "Usimtoe, mpwa wangu! Atapotea!"

"Atapotea wapi?"

"Hajui hata yuko wapi."

"Niko Rahaleo," bibi akasema, "kwa mwanangu wa pili, anayenifungia kama mbuzi wa Idi."

Mjomba wangu si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu hasira yangu ya kwanza ilimwendea yeye, na kama angenijibu vibaya ingebaki kwake. Hakunijibu vibaya. Alikwenda chumbani kwake akarudi na daftari la shule lenye picha ya twiga, lile ambalo bibi huandikiwa humo kila anapokwenda hospitali, akanifungulia ukurasa.

Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi kuliko ukurasa wowote niliouandika mwenyewe. Mwandiko umeinama mbele, wa mtu mwenye haraka. *Mgonjwa hamkumbuki mumewe. Hamtambui mkwe aliyemleta. Hajibu maswali. Anajifunika uso. Usahaulifu wa uzeeni. Asiachwe peke yake.* Chini yake sahihi, na sahihi hiyo ina mkia mrefu unaorudi nyuma na kupiga mstari chini ya jina, kama mtu anayejipongeza.

"Daktari ameandika asiachwe peke yake," mjomba akasema. "Mimi nina shamba, nina watoto shule. Nifanye nini?"

"Ukamfungia."

"Sikumfungia. Nilimtunza kwa komeo."

Mchana ule bibi alikula wali na samaki uani, kwenye kivuli cha ukuta, akanisimulia.

Ilikuwa wakati wa masika. Alikuwa bado nyumbani kwake Kitaya, karibu na mto, kwenye muhogo wake na mikorosho yake kumi na minne na kaburi la babu. Haja ndogo ikaanza kumchoma kama pilipili. Alivumilia siku nne. Mjomba alikuwa hayupo, mama yangu alikuwa msibani Newala, kwa hiyo aliyepatikana kumleta hospitali Mtwara alikuwa baba yangu. Yaani mkwe wake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kabla daktari hajashika kalamu. Kwetu, mwanamke wa rika la bibi halitaji jina la mume wake. Hakulitaja babu alipokuwa hai na halitaji sasa babu yuko chini ya udongo. Humwita "mwenye nyumba". Na mkwe, yule aliyemwoa binti yake, hamtaji, hamtazami usoni, hali mbele yake, hazungumzi naye ila kupitia mtu mwingine. Ikilazimu wakae pamoja, yeye hujifunika kanga na mkwe hugeuka pembeni. Miaka yote ya utoto wangu nimewaona wakiishi hivyo, kwa heshima iliyonyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Sasa wamo katika chumba cha daktari, chumba kidogo, mlango wazi, foleni nje. Baba yangu amesimama karibu na ukuta, ameugeukia. Bibi yuko kwenye kiti, kanga usoni. Na daktari anauliza: "Bibi, mume wako anaitwa nani?" Kimya. "Na huyu aliyekuleta, anaitwa nani?" Kimya, na kanga inashuka zaidi. "Unaumwa nini?" Angesemaje, mbele ya mkwe, kwamba anachomwa huko anakochomwa?

"Mimi nilikuwa nasubiri amtoe nje yule baba," bibi akaniambia. "Nikasema moyoni, huyu kijana ana akili, amesoma, atamtoa. Nilimngoja. Nikaona anaandika."

Walirudi na vidonge vya usingizi, na mjomba akamchukua akae kwake Rahaleo. Ugonjwa wenyewe ukabaki mwilini, ukapanda. Wiki ya pili bibi alikuwa na homa kali, anawaita waliokufa, anatoka hadi barabara kuu akiuliza mto umehamia wapi. Kila mtu akasema daktari aliona mbali. Mwishowe nesi mmoja wa zahanati, ambaye mjomba alimwendea kwa ajili ya homa tu, alimpima mkojo, akampa dawa ya siku saba. Siku ya sita bibi aliomba wembe wa kukatia kucha na akauliza nani anamwagilia mbegu zake za muhogo. Akili ilikuwa imerudi nyumbani. Lakini neno lilikuwa limeshaandikwa, na komeo lilikuwa limeshapigwa misumari.

"Mimi nikiona karatasi inayosema ni mzima, namfungulia leo," mjomba akasema.

"Nitampeleka kwa daktari mwingine."

"Mwingine ataniambia lingine. Nitamwamini yupi? Aliyeandika ndiye afute."

Nilikuwa na siku kumi kabla ya kurudi Dar. Tulikubaliana kwamba nikiwepo mlango ubaki wazi. Siku nitakayoondoka, komeo litarudi.

Kesho yake nilikwenda hospitali na daftari la twiga. Nikamwonyesha nesi wa mapokezi ile sahihi yenye mkia.

"Aa, huyu," akasema. "Huyu yuko masomoni, karibu anamaliza. Anasomea ubingwa."

"Ubingwa wa nini?"

"Tiba ya wazee."

Nilicheka hadi watu kwenye foleni wakageuka. Nesi akaona nimefurahi, akaniongezea habari: kwamba wako saba tu, wanatoka hospitali mbalimbali za kusini, kila Jumamosi asubuhi wanakutana kwenye chumba kilicho nyuma ya wodi ya mazoezi ya viungo, wanafundishana, kwamba wanapenda kualika ndugu wa wagonjwa waje wasimulie. Nikaomba namba ya anayewaongoza. Nikampigia nikamwambia mimi ni mwandishi wa riwaya, nina bibi, ningependa kuwafundisha kuandika habari za mgonjwa kama habari za mtu. Yote yalikuwa kweli. Ni sababu tu ndiyo niliyoificha. Yule mama akafurahi sana kwenye simu.

Siku tatu niliandika. Nilikaa kwenye meza ya mjomba, upepo wa kipupwe ukivuma kutoka upande wa bandari, nikaandika kurasa mbili kama mtu anayenoa panga kwenye jiwe: mate kidogo, vuta, mate kidogo, vuta. Sikuandika jina la mtu. Niliandika kanga, ukuta, mgongo wa baba yangu, foleni, kalamu inayokimbia. Nikaandika mwandiko ulioinama mbele. Mpango wangu ulikuwa huu: nisome mbele ya wenzake, nimwangalie usoni hadi ajitambue, kisha nitoe daftari na kulipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja aione ile sahihi. Baada ya hapo nani angempa ubingwa?

Bibi alikuwa anachambua mchele pembeni yangu. "Unamwandika?"

"Namwandika."

"Atakisoma hicho kitabu?"

"Watakisoma wengine."

"Wengine sina shida nao." Akatupa kijiwe. "Mimi namtaka huyo huyo. Namtaka pale." Akanyoosha kidole kwenye chumba cha uani, kwenye ile stuli.

Jumamosi nilifika mapema. Nilitaka wawe watu wabaya, na hilo ndilo jambo la kwanza waliloniharibia. Walikuwa wameleta ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini, kwenye bakuli kubwa na chai ya tangawizi kwenye chupa, wanamenya na kula kwa vidole huku wanabishana juu ya dawa ya shinikizo la damu aliyopewa mzee mmoja wa Tandahimba hadi akawa anaanguka kila akisimama. Daktari mmoja wa kike, mcheshi, mwenye sauti ya kuuza samaki, alinivutia kiti.

"Karibu, dada. Sisi ndio tuliokosa akili. Wenzetu wote wamekimbilia upasuaji, sisi tumekimbilia kwa mababu."

"Mama yangu alilia," mwingine akasema. "Aliniuliza, umesoma miaka yote hiyo ili ukawashikie wazee fimbo?"

"Na mchumba wako je?"

"Mchumba alifurahi. Alisema angalau wagonjwa wangu hawatamwibia mume."

Wakacheka wote. Kumbe hawakuwa na wodi yao, wala mwalimu wao zaidi ya yule mama mmoja, bingwa mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye wote walimwita Mama. Walikuwa na kundi lao la simu, ambamo mmoja akikwama zamuni huuliza na sita humjibu. Walikuwa na vitabu viwili vinavyozunguka hadi vimevaa majalada ya gazeti. Na walikuwa na stuli.

Ilikuwa stuli fupi ya wagonjwa, katikati ya chumba, hakuna aliyeikalia. Mama akanieleza. Kila Jumamosi, kabla ya somo, mwenye kosa la wiki huenda kuikalia na kulisema. Wakiwa hawapo wenye makosa, wanaiangalia stuli tupu kwa muda, "maana tukisema hatuna makosa tunakuwa tumefanya la kwanza."

Yeye alikuwa amekaa karibu na dirisha. Nilimtambua kabla hajatajwa, kwa jinsi alivyokuwa anaandika: ameinama mbele. Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, pete ya ndoa kidoleni. Aliniambia karibu. Alinipa ming'oko aliyokwisha kuimenya. Nikaila. Najuta hadi leo kwamba ilikuwa mitamu.

Stuli ilibaki tupu asubuhi ile. Mama akanikaribisha nisome.

Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye kanga inayoshuka, yule mcheshi aliacha kutafuna. Nilipofika kwenye mgongo wa baba yangu, mmoja akasema "Ai!" kwa sauti ndogo, kama aliyekanyaga mwiba. Wote walikuwa watu wa kusini. Wote walijua mkwe ni nini. Nilipofika kwenye kalamu nikainua macho, nikamtazama aliyekaa dirishani. Alikuwa ameacha kuandika. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua pete, kinasugua, kinasugua.

Nikamaliza. Nikatia mkono kwenye begi, nikalishika daftari la twiga.

"Subiri," Mama akasema. Hakuuliza nimeshika nini. "Hapa tuna kanuni moja. Kosa halisemwi na aliyeliona, wala na aliyeumizwa nalo. Linasemwa na mwenye nalo, akiwa pale." Akaonyesha stuli.

"Na asipolisema?"

"Basi atakaa nalo, na sisi tutakaa naye. Ni adhabu kubwa kuliko unavyofikiri."

Sikuiona kubwa. Niliona mlango unafungwa usoni pangu na mama mpole mwenye miwani. Hakuna aliyesogea kwenda kwenye stuli. Mama akatangaza mapumziko ya chai.

Alinifuata barandani. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Dada yangu. Yule bibi... alitoka Kitaya?"

"Unamkumbuka. Basi huna usahaulifu wa uzeeni."

Akaipokea kejeli ile. "Anaendeleaje?"

"Ana chumba chake. Kina mlango wa bati. Komeo liko nje, kwa sababu uliandika asiachwe peke yake."

Akashika nguzo. "Nimebakiza miezi michache. Mama ndiye anayeniandikia barua ya mwisho. Ukitoa hilo daftari pale ndani..."

"Ndiyo?"

"Nitakuwa nimekwisha."

Sitasema uongo hapa. Nilisikia utamu. Ulishuka kooni kama maji ya dafu. Kwa miezi minne bibi yangu alikuwa amemwomba kila mtu aliyepita nje ya mlango ule, na sasa aliyeusababisha alikuwa ananiomba mimi. Nilimwacha asubiri. Nilihesabu kunguru watatu kwenye paa la wodi.

"Ulizaliwa wapi?" nikamuuliza.

"Huku huku. Upande wa Mnazi Bay."

"Kwa hiyo ulijua."

Akaigeukia ile nguzo.

"Hukuwa mgeni. Ulimwona amejifunika mbele ya mkwe, na ulijua kwa nini."

"Nilijua," akasema.

Kama angesema hakujua ningemwonea huruma kidogo, na huruma ingenidhoofisha. Nikampa masharti mawili. Aende akakae kwenye stuli ile sasa hivi, aseme neno lile lile alilonijibu, "nilijua", bila kulipaka sukari. Na kesho aje Rahaleo, aingie katika chumba kile, akae kwenye stuli ya bibi.

Alikwenda. Miguu yake mirefu ilikunjika hadi magoti yakafika kifuani. Akasema.

"Kosa ni langu. La tangu masika. Nilikuwa na wagonjwa wengi nje na fomu mbele yangu. Fomu inauliza anakumbuka, hakumbuki. Haina mahali pa kuandika anaheshimu. Mama yangu mzazi hajawahi kumwita baba kwa jina. Nilijua. Ningemwambia mkwe atoke nje, ingenichukua dakika moja. Niliandika hakumbuki."

Nikangoja wamrarue.

Hawakumrarua. Yule mcheshi alikwenda akachuchumaa karibu na stuli, akamwekea mkono begani. Mwingine akauliza, "Mkojo ulipimwa?" "Haukupimwa." "Kwa nini?" "Hakusema anaumwa nini, na mimi sikumpa pa kusemea." Wakaanza kuuliza, kwa sauti za chini, kila kitu: nani alisimama wapi, mlango ulikuwa wazi kiasi gani, vidonge gani, vingapi. Hakuna swali lililomwacha apumzike, na hakuna lililomtukana. Kisha wakaanza kuandika. Mkwe atoke kwanza. Mgonjwa asiulizwe majina ya watu, aulizwe msimu, njia ya kwenda kisimani, mapishi. Anayekaa kimya asihesabiwe amesahau mpaka amebaki peke yake na mwanamke mwenzake.

Mimi nilikaa na daftari langu begini. Nilikuwa nimekuja na kisu, na mbele ya macho yangu walikuwa wamekichukua na kukimenyea ming'oko.

Mama alinisindikiza hadi nje. "Ulikuja kutufundisha au kutuua?"

"Kuwaua."

"Umechelewa basi," akasema. "Chai imeshapoa." Kisha, bila kucheka: "Barua yake nitaiandika. Na hili litakuwamo. Ataajiriwa na mtu anayelijua."

Nilitaka zaidi. Nataka mwelewe kwamba nilitaka zaidi.

Jumapili mchana alikuja peke yake, kwa miguu, amebeba begi dogo la vifaa. Baba hakuwepo, nilihakikisha. Mjomba alivaa kanzu, kama anapokea wakwe. Bibi alikuwa ndani ya chumba cha uani kwa hiari yake, mlango wazi, kitandani, viatu vya bluu miguuni. Kando yake kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kanga, na sikumuuliza kina nini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Kaa hapo."

Akaikalia stuli. Mjomba akasimama nyuma yake, penye ukuta. Nilibaki mlangoni. Daktari alifungua mdomo, nafikiri alitaka kuomba radhi, lakini bibi alinyoosha kijiko.

"Siku ile uliuliza wewe. Leo nauliza mimi. Mikorosho sasa iko wapi?"

"Iko... inazaa, bibi?"

"Inachanua. Ni wakati wa salfa. Wewe mtoto wa wapi?" Akamgeukia mjomba. "Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Kutoka kwangu Kitaya kwenda mtoni, unapita kwa nani kwanza?"

"Sijui, bibi."

"Hajui. Jana ulikula nini?"

"Ugali. Na kisamvu."

"Haya, hapo ana nafuu." Mjomba alianza kucheka akajizuia. Bibi akasogea mbele hadi kijiko kikawa karibu na pua ya daktari. "Umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Kimya. Nje jirani aliita kuku wake. Daktari alitazama sakafu. Hakuwa anaigiza. Hakuweza. Jina lilikuwa kinywani mwake na heshima ilikuwa imekaa juu yake, na akabaki amenyamaza kama alivyonyamaza bibi yangu, kwenye stuli, mbele ya watu, na aliyeshika kalamu safari hii ni mimi.

"Andika, mke mwenzangu," bibi akasema. "Hamkumbuki."

Niliandika. Ukurasa huo ninao.

Baada ya hapo alimpima kama alivyopaswa kumpima tangu mwanzo. Alimwomba mjomba asimame nje, akanibakisha mimi. Akamuuliza bibi juu ya haja ndogo, usingizi, magoti. Akasikiliza mgongo wake. Bibi akamweleza namna ya kuutoa muhogo mchungu sumu yake, siku kwa siku, bila kuruka hatua, na alipomaliza akarudi kwenye swali ambalo daktari aliuliza mapema, akalisahihisha. Kisha daktari akalifungua daftari la twiga juu ya goti, akapiga mstari juu ya maneno ya zamani na kuanza kuandika mapya. Mwandiko ulikuwa ule ule, lakini umesimama.

"Usikimbize," bibi akamwambia. "Foleni leo ni mimi tu."

Mjomba aliitwa ndani asome. Akasoma kwa sauti, akifuatisha kwa kidole: *Akili timamu. Anaweza kuishi kwake. Kosa la awali ni la daktari.* Akasoma mara ya pili. Alipofika kwenye neno la mwisho akakaa kitandani, pale pale bibi alipokuwa ameinuka.

"Mama," akasema. "Mama, mimi..."

"Kaa tu, mwanangu. Pumzika."

Ndugu wa mbali huniuliza kwa nini simtaji yule daktari, kwani ni bingwa sasa, na watu wanamsifu kwa jinsi anavyowatoa nje wakwe kabla hajauliza neno. Bibi hawataji wale anaowaheshimu. Mimi nimejifunza kwake kutotaja, na nimelitumia somo lake kwa jambo jingine. Wote watakaomtafuta humu hawatampata, wala yeye hatajipata, na siku atakapotaka kumwambia mtu kwamba aliwahi kusema ukweli akiwa kwenye stuli, hatakuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Bibi alilibana daftari kifuani, akachukua kifurushi chake. Mimi nilikuwa nimeshatangulia uani na begi langu. Bajaji ya kutupeleka stendi, kwenye magari ya Kitaya, ilikuwa inanguruma getini. Nikageuka kumsubiri. Alikuwa amesimama kizingitini, anawatazama wale wawili, mmoja kwenye stuli na mmoja kitandani, wameinamisha vichwa kama watoto walioadhibiwa madrasa.

"Kijiko nimekiacha dirishani," akawaambia.

Akatoka, akauvuta mlango wa bati nyuma yake, akasukuma komeo.